Kabla ya Kusambaza Ile Picha ya Wanafunzi wa Udaktari

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa chama waliopo vyuoni. Wengi mliniomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa tu salamu za viongozi na ile sehemu ambayo maiki ilizima.

Makamanda, habari za mchana. Najua mmekaa tangu saa tatu na harufu ya pilau imeshafika humu ndani, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi.

Mnaikumbuka ile picha ya mwezi uliopita. Vijana wanne wamevaa makoti meupe, chumba cha hosteli, mezani kuna shisha na pakiti za vidonge. Chini yake mtu kaandika: "Hawa ndio watakaowachoma sindano mama zenu." Ndani ya saa moja ilikuwa kwenye makundi yetu yote. Kuna mwenzetu aliongeza maneno ya kuipiga serikali, eti vyuo vimeoza kama nchi ilivyooza. Emoji za kucheka zikamiminika. Mimi ni mmoja wa maadmini wa kundi la wilaya yetu. Niliiona saa nne usiku. Sikuifuta. Niseme ukweli wote: na mimi nilibonyeza ile ya kucheka.

Asubuhi yake nikapigiwa simu na rafiki yangu ambaye leo nitamwita Neema. Jina siyo lake, ameniruhusu kusimulia, na kuna vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili asijulikane. Hakuwa kwenye ile picha. Aliniuliza swali moja tu: "Ningekuwa mimi, ungecheka?"

Sasa nieleze kwa nini swali lile lilinikata.

Mimi na Neema tulipanga chumba kimoja mtaani, kwa sababu hosteli za chuo zilijaa. Yeye anasoma udaktari, mimi sheria. Wanaosoma fani za kawaida hapa labda hamjui maisha ya hawa watu. Miaka mitano darasani na wodini, halafu mwaka mzima wa mafunzo kazini kabla hujaitwa daktari kamili. Sisi wa sheria tukiwa na mtihani tunapiga msuli wiki mbili. Neema nilimwona akipiga msuli kwa miezi. Anatoka wodini jioni, anakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, anasoma mpaka saa tisa usiku, halafu saa kumi na mbili anatakiwa awe kwenye raundi mbele ya daktari bingwa ambaye akikosea jibu moja anaaibishwa mbele ya wagonjwa.

Tatizo halikuwa kukesha. Tatizo lilikuwa kwamba akishamaliza kusoma, usingizi hauji. Mwenzake wa mwaka wa mbele akampa diazepamu. Kidonge kimoja, akalala kama mtoto. Ndivyo ilivyoanza.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa msongo wa mawazo. Tukifanya hivyo tunamgeuza kila mtu kuwa mhanga na hatumwelewi. Kulikuwa na starehe pia. Bumu likitoka, Ijumaa kuna chumba fulani wanakutana, kuna bhangi, kuna mwenye mirungi, kuna tramadoli inayopitishwa kama karanga. Neema mwenyewe anasema ile miezi ya kwanza ilikuwa raha. Watu waliokuwa wanajiona wajinga mchana kutwa wodini, usiku wanacheka mpaka machozi. Na kulikuwa na msemo wao: "Sisi tunajua dozi."

Huo msemo naomba tuukae kidogo. Kijana wa mtaani akimeza kitu asichokijua, walau anaogopa kidogo. Mwanafunzi wa famasi au uuguzi amesoma ile dawa inavyofanya kazi, ameifanyia mtihani, anaiona kila siku kwenye trei. Woga unakwisha. Tramadoli ukiichanganya na diazepamu na pombe, pumzi inaweza kukata ukiwa usingizini, na tramadoli peke yake inaweza kumletea mtu degedege. Wale vijana walijua hivyo vyote. Walikuwa wanaviandika kwenye karatasi za mtihani na kupata alama za juu.

Basi siku moja Neema akapewa barua. Mwenzao mmoja alikuwa amebanwa na akataja majina. Aitwa kwenye kamati ya nidhamu baada ya siku nne. Akaja kwangu analia, mimi ndiye mwanasheria wa nyumba.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nimetoka kusoma Sheria ya Ushahidi, kichwa kimejaa. Nikamwambia: usikiri chochote, wao ndio wenye jukumu la kuthibitisha. Futa jumbe kwenye simu. Na vidonge vyote tupa leo hii, chooni, visibaki hata viwili. Nakumbuka nilijisikia wakili kweli kweli.

Akaniuliza, "Nikiacha ghafla je?"

Nikamjibu, "Na ukikutwa navyo je?"

Alinyamaza. Alijua jibu la swali lake. Alikuwa amelisoma. Mtu aliyetumia diazepamu kwa miezi haachi kwa siku moja, mwili unapinga, na unaweza kupinga kwa degedege. Lakini alinisikiliza mimi, kwa sababu degedege ilikuwa uwezekano na kufukuzwa chuo kulikuwa na tarehe.

Kamati ilikaa. Neema hakusema kitu. Ushahidi haukuwepo, akapewa onyo la mdomo, akarudi nyumbani. Tulinunua chipsi mayai na soda kubwa kusherehekea.

Siku ya nane baada ya kutupa vidonge, alfajiri, nilisikia kitanda kinagonga ukuta. Nilipowasha taa macho yake yamegeuka, mdomo umekaza, mwili wote unatetemeka. Sikujua hata kumlaza ubavu. (Mjue na ninyi: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni.) Jirani akatafuta bajaji.

Tulipofika hospitali, nani yuko zamu? Wanafunzi wenzake. Watu aliokaa nao darasani juzi. Daktari kijana akauliza, "Anatumia dawa yoyote?" Neema alikuwa ameanza kuzinduka. Mimi nikajibu kabla hajafungua mdomo: "Hapana daktari, hatumii chochote."

Nimefikiria sana ile sentensi. Sijawahi kusema uongo wa hatari kama ule, na niliusema kwa sauti ya upole kabisa.

Kilichomwokoa Neema ni daktari mmoja mtu mzima, mama, aliyepita akatazama faili, akamtazama Neema, akawaambia wanafunzi wote watoke. Mimi pia akanitoa. Akavuta pazia. Baada ya kama nusu saa akaniita.

"Wewe mwanangu ndiye mwanasheria?"

"Ndiyo, shikamoo daktari."

"Marahaba. Dawa hii haiachwi kwa siku moja. Ukirudi darasani waambie na wenzako."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alimrudisha Neema kwenye dozi iliyopimwa, akawa anaipunguza kidogo kidogo, miezi kadhaa. Na kitu cha muhimu kuliko vyote: alimwondoa wodini. Alimwandikia mapumziko ya ugonjwa, akamwambia hatagusa mgonjwa mpaka yeye aseme yuko tayari. Mgonjwa akalindwa, na mwanafunzi akalindwa, nyuma ya pazia moja.

Leo Neema yuko mwaka wa mwisho. Lakini ile ilikuwa bahati. Angepita daktari mwingine dakika kumi kabla, mimi ningekuwa nimeshashinda na uongo wangu.

Sasa niwaambie sheria inasemaje, maana ndicho ninachosomea. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haiadhibu biashara tu. Kutumia kwenyewe ni kosa. Kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe ni kosa. Bhangi imo, mirungi imo. Ukivuka pale Holili ukaingia Taveta, upande wa Kenya mirungi ni zao la biashara halali, watu wanakula barazani. Ukirudi huku na kifurushi kilekile wewe ni mhalifu. Diazepamu ni dawa halali ya hospitali, lakini imo kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuwa nayo bila cheti cha daktari ni kujitafutia matatizo.

Kwa mwanafunzi wa afya kuna ngazi nyingine juu ya hiyo. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi. Mabaraza haya yana uwezo wa kumfuta mtu kwenye rejista. Na ni sawa yawe nao. Lakini mtazame kijana wa miaka ishirini na mbili anayeona tatizo lake limeanza kuwa kubwa. Chuo kina kamati ya nidhamu. Polisi wana sheria ya 2015. Baraza lina rejista. Hospitali yenye daktari wa afya ya akili ndiyo hiyohiyo anayofanyia mafunzo, na aliyekaa kwenye dawati la kuandikisha wagonjwa anamjua kwa jina. Aende wapi akaseme "nimezidiwa"?

Na msiniambie nchi hii haijui kumtibu mtu anayetumia dawa. Inajua. Mwaka 2011 Muhimbili ilifunguliwa kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, Mwananyamala na Temeke zikafuata, baadaye na mikoa mingine. Watu ambao mtaa mzima uliwaita mateja wakapewa kadi ya kliniki, wanakunywa dozi mbele ya muuguzi kila siku, bila malipo. Wako waliorudi kwenye familia zao na kazi zao. Tuliweza kwa kijana wa unga wa Manzese na Temeke. Kwa mwanafunzi wa uuguzi mwenye vidonge kwenye begi tuna barua ya nidhamu.

Mambo haya si mageni wala si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1884 ilipogundulika kwamba kokeini inatia ganzi, daktari mmoja wa upasuaji wa New York, William Halsted, alianza kujidunga yeye mwenyewe na wenzake ili kujifunza inavyofanya kazi. Walijua dozi, si ndiyo? Wengine waliharibikiwa kabisa. Halsted alilazwa, akatibiwa kwa mofini, akatoka na utegemezi wa mofini. Mtu huyohuyo akawa profesa wa kwanza wa upasuaji Johns Hopkins, na ndiye aliyejenga ule mfumo wa daktari anayejifunza kuishi hospitalini usiku na mchana. Siri yake iliandikwa na rafiki yake William Osler kwenye maandishi yaliyofungwa na kuja kufunguliwa mwaka 1969. Ninapomfikiria Halsted sioni mfano wa kuiga. Naona mtu mwenye kipaji aliyetumia maisha yake yote kuficha.

Wenzetu wamejifunza kutoka huko. London mwaka 2008 ilianzishwa huduma ya siri kwa madaktari wagonjwa, wenye ulevi, sonona na kadhalika, nje ya hospitali wanazofanyia kazi. Marekani majimbo mengi yana programu za namna hiyo: unaondolewa kazini, unatibiwa, unapimwa mkojo kwa kushtukizwa, mara nyingi kwa miaka mitano. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2008 ulifuatilia madaktari 904 wa majimbo 16 waliopitia programu hizo. Miaka mitano baadaye, kati ya wale ambao matokeo yao yalijulikana, zaidi ya robo tatu walikuwa na leseni na wako kazini. Ni Marekani, najua, wana fedha, na wapo madaktari wa huko wanaolalamika kwamba programu zenyewe ni kali kama jela. Bado, robo tatu ya watu ambao sisi tungewapiga picha.

Hapa Jumamosi kaka mmoja alinikatiza, na swali lake lilikuwa zuri nikaamua kuliweka. Alisema: "Dada, unaleta huruma. Mama yangu akilazwa, unataka ahudumiwe na mtu aliyelewa tramadoli?"

Hapana, kaka. Sitaki. Mimi mwenyewe nimeiona ile hatari ikilala kitanda cha pili. Lakini jiulize Neema aliingia wodini siku ngapi akiwa na diazepamu mwilini kabla ya ile barua. Miezi. Sheria zote nilizozitaja zilikuwepo, kamati ilikuwepo, na yeye alikuwa anapima wagonjwa presha. Aliyemtoa wodini ni yule mama aliyevuta pazia. Vitisho vilimfundisha kitu kimoja tu, kuficha vizuri. Kama unampenda mama yako, utataka awepo mtu ambaye mwanafunzi anaweza kumwambia mapema, na mtu huyo awe na mamlaka ya kusema: kesho huingii wodini.

Kaka alikaa. Sidhani kama nilimshawishi sana, lakini alikaa.

Nirudi kwetu sisi, maana nilikuja kutusema sisi. Februari 2017 nilikuwa kidato cha pili. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alisimama mbele ya kamera na orodha ya majina ya watu aliowataka wafike polisi kwa mambo ya dawa za kulevya. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA na kiongozi wa upinzani bungeni, alikuwamo. Wapinzani nchi nzima tulisema nini? Tulisema mtu hatangazwi hadharani kabla hajashtakiwa. Tulisoma ibara ya 13 ya Katiba, ibara ndogo ya (6), kwamba asiyethibitishwa hatia asitendewe kama mwenye hatia. Baba yangu aliisoma kwa sauti sebuleni mpaka mama akamwambia apunguze.

Tulikuwa sahihi. Na mwezi uliopita tumewafanyia vijana wanne kitu kilekile, bila hata cheo cha ukuu wa mkoa. Hatujui kama zile pakiti zilikuwa za nani. Hatujui nani alipiga picha na kwa nini. Mmoja wao sura inaonekana vizuri kabisa. Tangu mwaka 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na inaziweka taarifa za afya na za makosa kwenye kundi la taarifa nyeti. Siku serikali itakapovujisha faili la hospitali la mmoja wetu, tutaisimamisha sheria hiyo kwa mikono miwili. Tutaanzia wapi kuisimamisha ikiwa magaleri ya simu zetu yana ile picha?

Ninachoomba ni hiki. Rasimu ya sera ya elimu ya juu ya vijana wa chama bado iko wazi mpaka Jumatano, na sehemu ya afya ya wanafunzi ina mistari miwili, yote ya bima. Naomba tuongeze kwamba mwanafunzi anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada kabla hajakamatwa asifikishwe kamati ya nidhamu kwa kosa hilo. Kwamba vyuo vya afya viwe na mahali pa ushauri na matibabu nje ya hospitali ya mafunzo, hata kwa kubadilishana baina ya vyuo viwili vya mji mmoja, wa huku watibiwe kule. Na kwamba mtoa huduma awe na mamlaka ya kumpumzisha mwanafunzi wodini bila kueleza chuo ni ugonjwa gani. Mnaogombea serikali za wanafunzi mwaka huu, hiyo ya kubadilishana mnaweza kuianzisha hata kabla ya sera, inahitaji barua mbili na mkuu wa chuo mwelewa.

Wa sheria wenzangu, mkifuatwa usiku na rafiki mwenye vidonge, swali la kwanza siyo ushahidi uko wapi. Muulize ametumia kwa muda gani na kiasi gani, halafu mpeleke kwa daktari. Kamati itasubiri.

Karatasi ya kuweka saini kwa ajili ya rasimu iko pale mlangoni kwa kamanda mwenye fulana nyeupe. Maadmini wa makundi, nimewahesabu, mko kumi na wawili humu ndani. Naomba mtoe simu. Tunaanza na kundi la wilaya yangu, picha ni ya tarehe kumi na nne, saa tatu na dakika hamsini usiku. Nikishaifuta mimi, ninyi fuateni.